Uso wa Mwenye Kosa

Watu wa siku hizi wakiniambia kwamba sinema inafundisha, ninacheka mpaka mbavu zinaniuma. Inafundisha, ndiyo. Mimi niliona vile ilifundisha watu wa Kadutu, na ningekuwa na uwezo ningewachapa fimbo wanafunzi wote, kisha ningemurudia mwalimu wao. Mwalimu mwenyewe alikuwa kaka yangu mukubwa. Tulinyonya ziwa moja, lakini hilo halinizuii kusema ukweli: alikuwa debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Ilikuwa mbele ya Uhuru, wakati wazungu walikuwa bado wanakaa Ibanda katika zile nyumba zao za pembeni ya ziwa, wakifikiri wajukuu wao watazikwa palepale. Sisi tulikaa juu, Kadutu. Jumamosi, jua likianza kuzama, mupe mumoja, padri muzungu mwenye ndevu nyekundu, alipandisha kamyoneti yake mpaka kwenye uwanja wa masomo, akatundika shuka nyeupe ukutani, akawasha mashini yake ya umeme yenye kelele kuliko mashini ya kusaga, na watu wakajaa. Wazee walikuja na viti vyao juu ya vichwa. Watoto walikaa chini kwenye majani. Wanawake walisimama nyuma na vitoto mugongoni. Mimi nilikaa pembeni na kikapu changu cha karanga, kwa hiyo niliwaona watazamaji wote vizuri kuliko nilivyoiona shuka.

Wakati ule filme haikusema nasi kwa kinywa chake. Wazungu wa mule ndani walizungumza Kifaransa au lugha ingine ya puani, mupe akawapunguzia sauti, na mutu akasimama kando ya shuka na mikro mukononi, akituelezea nani ni nani na nani anataka nini. Yule mutu alikuwa kaka yangu. Alikuwa karani, mwenye kravati shingoni hata siku ya kwenda kulima kwa mama, na miwani ambayo, Mungu ananiona, ilikuwa vioo vya dirisha tu. Aliona vizuri kama mwewe. Alikuwa pia na ile karte ambayo Leta, serikali ya wazungu, iliwapa Weusi walioonekana wamestaarabika. Mbele ya kumupa walikuja nyumbani kutazama kama tunakula kwa kanya na kisu, kama choo ni safi, kama shuka za kitanda zimefuliwa. Muzungu muzima alifunua chungu changu cha maharagi akachungulia ndani! Mimi nilitaka kufa kwa haya. Kaka yangu alisimama nyuma yake akitabasamu, akasema, «Merci, Monsieur,» kama mutu aliyepewa ng'ombe.

Sasa, nyumba iliyofuatana na yetu ilikuwa ya mujane. Mume wake, seremala, Mushi wa Kabare, alikuwa amekufa mvua zikikaribia. Alikufa kwa ini. Macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa kama ngoma, na infirmie wa hospitali alituambia sisi majirani waziwazi: ini limekwisha. Yule mwanamuke alimuosha, alimugeuza kitandani, alimulisha uji kwa kijiko, na wakati huo wote sikumuona hata ndugu mumoja wa mume akimwaga beseni lake. Lakini yeye alikuwa wa kabila ingine, Murega, mutu wa Mwenga, na kuku mugeni hakosi kamba muguuni. Mume hajaoza kaburini, mudogo wake, kapita, musimamizi wa shamba la muzungu kule Mudaka, akaanza kulitembeza lile neno ambalo kwetu likishatoka halirudi: karuho. Kwamba bibi alimutilia sumu ndani ya kinywaji, kidogo kidogo, mpaka akaisha.

Kila mutu alijua sababu. Kapita alichoka kulala katika nyumba ya majani Mudaka, na kaka yake aliacha nyumba ya matofali, madirisha ya kioo, paa la mabati, mulango wa mbao ya libuyu aliouchonga yeye mwenyewe. Ukoo ungekaa mwisho wa matanga, ungeamua. Wakiona bibi hana kosa, anabaki mule ndani na watoto wake wawili, kasichana kadogo na kengine ka ziwani. Wakiona analo, anatoka kama alivyoingia, na watoto ni wa ukoo. Habari njo hiyo. Mengine yote ninayosimulia yanazunguka hapo.

Katika kipindi kile cha matanga njo ile filme ilikuja.

Ilikuwa filme masikini. Mimi sijui namna wanavyotengeneza, lakini umasikini ninaujua nikiuona, hata wa muzungu. Chumba kilikuwa kimoja, wakabadilisha tu pazia wakasema ni nyumba ya mutu mwingine. Mulango ukifungwa, ukuta ulitikisika. Motokari ilikuwa ileile, ikapita, ikapita, ikapita tena. Mvua ilinyesha upande mumoja wa barabara tu. Kila kitu giza, na katika giza kuna muzungu mwenye kofia, uso wa jasho, akivuta sigara. Kaka yangu aliniambia habari yake tukiwa mezani, kabla haijaonyeshwa. Alicheka mpaka bugali likamupalia.

«Sikia,» akasema, «ni filme ya mutu aliyeua. Sasa, kule Léopoldville, wakubwa wa filme wamekata pale anapoua. Wamesema Mweusi asione muzungu akimuua muzungu mwenzake. Atapata mawazo.»

«Na kosa likishakatwa, kunabaki nini?»

«Kunabaki jasho.»

«Basi utawaambia watu nini, Yaya, kaka yangu?»

«Nitaona palepale. Watu wa hapa wanajua nini?»

Niliyakumbuka sana yale maneno baadaye. Watu wa hapa wanajua nini. Yeye alizaliwa wapi, Paris?

Jumamosi ikafika. Muzungu wa kofia akaingia katika nyumba, akafungua mutoto wa meza, akaingiza mukono, na tap! Picha ikaruka. Alikuwa tayari inje kwenye mvua, kofia juu ya macho, akipumua kama mutu aliyepanda kilima na gunia. Uwanja wote ukaguna. «Ee! Amefanya nini?» Muzee mumoja akasimama juu ya kiti: «Papa, rudisha, tumepitwa!»

Kaka yangu alikohoa ndani ya mikro. «Ameua,» akasema.

«Ameua nani?»

«Musiulize nani. Ameua! Sasa mutazame uso.»

Na hapo akapata utukufu wake. Hakuwa tena na filme ya kufuata, basi akafuata sauti yake mwenyewe, na hakuna kitu alichokipenda kuliko sauti yake. «Mutu mwenye kuua hakosi alama!» akalia. Kwenye shuka muzungu akasukuma sahani. «Muko munaona? Hawezi kula!» Muzungu akanawa mikono. «Ananawa! Ananawa tena! Damu haitoki!» Muzungu akasimama dirishani, akasogeza pazia. «Anachungulia! Mwenye kosa hawezi kukaa chini!» Mutu akabisha mulango, muzungu akaruka. «Anaruka!» Na watu wote, wakubwa na watoto, wakaitikia «Aaaa!» kama katika katekisimu. Mupe, ambaye Kiswahili chake kilifika kwa «habari gani» na «Mungu akubariki», alitikisa kichwa kwa furaha. Mwishoni watu wawili wa kofia wakamushusha yule muzungu kwenye ngazi, na uwanja ukapiga makofi.

Basi! Kadutu ikawa na polisi mupya katika kila nyumba. Mwanaume mumoja wa njia yetu alikataa sahani yake ya sombe kwa sababu bibi yake aliweka chumvi ya kuua ng'ombe, na bibi akatoka inje akipiga kelele, «Hawezi kula! Mumuone, hawezi kula!» Katekista, mutu safi wa kupenda sabuni, alianza kunawa kwa kujificha. Mungenihurumia mimi ambaye niliuza karanga katikati ya wale wapumbavu wakichunguzana vipaji vya nyuso kama kuna jasho. Juani, saa ya muchana! Nani hatoki jasho Kadutu, na vile vilima?

Nilicheka mpaka siku waliyogeuza macho yao juu ya uzio wa mujane.

Hakula. Ni kweli, hakula, alikuwa amefiwa. Alinawa mikono kutwa nzima, ni kweli, alikuwa anafulia watu nguo ili watoto wake wale, mikono itakauka wakati gani? Alisimama dirishani, kwa sababu kasichana kake kalikwenda kuteka maji bondeni na yeye hakuwa na mutu mwingine wa kumungojea katika dunia hii. Na mulango ukibishwa aliruka, eh, aliruka kweli, kwa sababu kila aliyebisha alikuwa kapita wa Mudaka akija kupima vyumba kwa macho. Alama zote za kaka yangu zilikuwa pale. Wanawake waliokunywa naye maji ya kisima kimoja walipita polepole mbele ya nyumba, wakaguna, wakaenda. «Iko vilevile kama kwenye filme,» wakasema. «Mpaka kusogeza pazia.»

Pazia lenyewe nilimushonea mimi.

Nilirudi nyumbani nikamukuta kaka yangu anajitazama katika kioo. «Yaya,» nikamuambia, «unamuua mutu kwa kinywa.»

«Mimi nimesema tu maneno ya filme.»

«Filme gani? Haukuniambia wewe mwenyewe hapa mezani kwamba wameikata? Yale maneno uliyaokota wapi kama si tumboni mwako?»

«Teremusha sauti, majirani watasikia.»

«Wasikie! Njo ninachotaka!»

Alitikisika kidogo, nitamupa haki yake. Kesho yake alifunga kravati akaenda kwa mujane, akasimama pale kwenye mulango wa libuyu akamutolea shauri kama mutu anayetoa sadaka. «Maman,» akasema, «ule kidogo mbele ya watu. Ukae inje. Usinawe-nawe. Mutu akikuchekesha, ucheke. Watanyamaza.»

Mwanamuke yule hakuwa mujinga. Alimutazama sana. «Papa,» akasema, «mume wangu hajamaliza hata matanga, unaniambia nicheke?»

«Kwa ajili ya watoto, Maman.»

Kwa ajili ya watoto, basi, alikula. Nilikaa naye pale mulangoni, sahani kwenye magoti yake. Alimeza bugali kama mutu anayemeza mawe, tonge baada ya tonge, huku watu wakipita na kumusalimu ili wapate kuchungulia sahani. Nilimusimulia upuuzi wangu wote wa sokoni na yeye alicheka. Ningependa mungesikia kile kicheko. Kilitoka puani, kikavu, macho yake hayakuwamo. Lakini kiziwi na mupumbavu ni ndugu: waliridhika. «Anakula,» wakasema. «Anacheka. Labda tulimukosea.» Wakaanza kumuletea tena maharagi na habari. Mimi pia niliamini imekwisha.

Kisha mupe akasikia. Sijui nani alimufasiria, ninamushuku yule katekista wa sabuni. Alimwita kaka yangu akamukaripia mpaka ndevu zikasimama. Nani amesema ndani ya filme yake kuna mutu aliyeua? Wakubwa wa Léopoldville wamekata kosa, basi kosa haliko! Ataionyesha tena Jumamosi, na safari hii kaka yangu atasema kitu kizuri, cha Kikristo. Atasema yule bwana amefiwa na bibi yake.

«Na wewe ukajibu nini?» nilimuuliza.

Alikuwa anapangusa miwani yake ya dirisha. «Nilijibu, oui, mon père.»

«Na jirani yetu?»

«Jirani anaingia wapi hapa?»

Mama yangu! Nilimutazama nikaona hanidanganyi. Hakuona kweli. Na masomo yake yote, na kanya yake na kisu chake. Ilinibidi nimusemee kama mutoto: «Yaya, wewe uliwafundisha watu kwamba asiyekula njo muuaji. Kwa hiyo yeye anakula. Sasa Jumamosi unakwenda kuwafundisha kwamba asiyekula njo mwenye uchungu. Watamuona yeye namna gani, na sahani yake kwenye mulango? Na ukoo unakaa Jumapili!»

Alivipangusa vioo tena. Akavaa miwani, akaivua. «Siwezi kumukatalia mupe,» akasema. «Ataniondoa kwenye mikro.»

Jumamosi nilikwenda bila karanga. Kapita wa Mudaka alikuwa amekuja mapema na kiti chake, na ndugu wawili wa mulimani, akakaa mbele kabisa. Mashini ikawashwa. Mvua ikanyesha upande mumoja wa barabara. Tap! Muzungu akatoka, jasho usoni.

«Ah, wapendwa,» kaka yangu akaanza, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi tayari, «mumuone huyu mutu wa kuhurumiwa. Ametoka kupata habari kwamba bibi yake amekufa.»

Muzee mumoja akauliza, «Lakini siku ile si alikuwa ameua?» Wakamunyamazisha kwa hasira: «Kaa chini! Ile ilikuwa filme ingine!» Ninaapa. Kofia ileile, pazia lileile, motokari ileile iliyopita, ikapita. Filme ingine!

«Anasukuma sahani. Mutu mwenye kufiwa, chakula kitapita wapi?» Wanawake wakaanza kupiga ulimi. «Ananawa uso wake asionekane machozi.» Wakalia. «Anasimama dirishani, anafikiri bibi yake atarudi.» Ee, hapo waliangua kilio cha kweli, wale wale waliochungulia juu ya uzio, wakipangusa pua kwa vitenge vyao. Kapita wa Mudaka alitoa kitambaa cheupe mufukoni akakiweka machoni. Mabega yake yalitikisika. Alimulilia muzungu wa kivuli, yeye ambaye hakumulilia kaka yake wa damu. Na wale wawili walipokuja kumushika muzungu na kumushusha ngazi, nilisema moyoni, tuone, Yaya, utatokea wapi hapo. Hakutetereka. «Ni shemeji zake,» akasema. «Wanamupeleka kwenye maziko. Wanamushika mikono asianguke.» Watu wakaimba wimbo wa kanisa.

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikaa katika uwanja wa nyumba ya seremala. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilikuwapo, bila kasiksi hawa hawakai. Mujane aliketi chini kwenye mukeka, mudogo ziwani, kasichana kakiegemea mugongo wake. Muzee wa ukoo, aliyeshuka kutoka Kabare, alikuwa juu ya kiti. Majirani tulisimama kandokando. Kapita akasimama akanyoosha koti.

«Bazee, sina maneno mingi. Jana sisi wote tuliona vile mutu mwenye kufiwa anafanya. Muzungu, mutu wa mbali, tuliona uchungu wake. Hakula! Sasa huyu shemeji yangu, musikilize majirani: anakaa kwenye mulango wa kaka yangu, anakula. Anacheka na mwenye kuuza karanga! Ule ni uso wa mutu aliyefiwa?»

Watu wakaguna kwamba hapana, si uso wake.

Shangazi mumoja muzee sana, mwenye akili kidogo kuliko umri wake lakini nyingi kuliko wengine wote pale, akasema, «Lakini mbele tuliambiwa asiyekula njo muuaji. Na wakati ule hakukula.»

Nikafikiri, Mungu asifiwe, mumoja amefungua macho. Kapita hakusita hata kidogo. «Shangazi, umesema vema!» akalia. «Wakati kutokula ilikuwa alama ya kosa, yeye hakukula. Wakati kula njo alama, yeye anakula. Munataka alama gani ingine?»

Na wakapiga makofi! Watu wazima, wenye ndevu, wenye watoto waliobatizwa. Sijawahi katika maisha yangu kudharau watu kama nilivyowadharau wale katika saa ile, na nimeishi sana, nimeona mengi ya kudharau.

Muzee wa ukoo akainua mukono. Hakuwa mutu mubaya, alikuwa mutu wa kupenda kusikia kila upande ili baadaye afanye kama alivyoamua mwanzo. «Huyu karani yuko hapa,» akasema. «Papa, wewe njo mwenye kujua sinema. Utuambie. Kweli ni ipi? Ya kwanza au ya pili?»

Kaka yangu alitoka mbele. Nilimukazia macho mpaka yaliniuma. Mujane naye akainua kichwa akamutazama, na tumaini likamurudia usoni, kwa sababu yeye alijua nani alimupa shauri la kula. Ilitosha kusema maneno machache tu. Filme ilikatwa. Sikujua kosa lake ni nini. Nilibuni ya kwanza, nikaamriwa ya pili. Mwanamuke huyu alikula kwa sababu mimi nilimuambia ale. Angechekwa, ndiyo. Kadutu nzima ingejua kwamba mutu mwenye mikro hafahamu kitu, kwamba karte yake na miwani yake ni bure. Lakini mwanamuke angelala katika nyumba yake.

Alishika miwani, akaikaza puani.

«Sinema ya wazungu,» akasema polepole, «iko na maana ya ndani sana. Kila mutu anapata ile anayoweza kubeba.»

Wakatikisa vichwa. «Eh, amesoma huyu,» mumoja akasema nyuma yangu.

Mimi nikalipuka. «Bongo! Ni uongo!» nikapiga kelele. «Alibuni yote! Aliniambia mwenyewe kwamba filme imekatwa! Na yeye njo alimuambia ale!» Wakanigeukia, kisha wakacheka. Kapita akacheka kuliko wote. «Dada, rudi kwenye karanga zako,» akasema. «Maneno ya sinema tuwaachie wenye kujua.» Kaka yangu aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa sana.

Mujane alisimama. Hakupandisha sauti. «Mimi nilimugeuza mume wangu kitandani mpaka mukono huu ukavimba,» akasema. «Nilimwaga uchafu wake. Nyinyi mulikuwa wapi?» Wakatazama kasiksi yao. Kujibu kungehitaji haya, na hiyo hawakuwa nayo.

Muzee akatoa neno. Nyumba irudi kwa ukoo, kwa mudogo wa marehemu. Mwanamuke arudi kwao. Kale ka ziwani kaende naye mpaka kaache kunyonya, kisha watakafuata. Kasichana kabaki kwa tonton wake, yule kapita. Bila shaka kabaki! Kasichana kanakua, na siku kakiolewa ng'ombe zitaingia kwa nani?

Kaka yangu alibaki kwenye mikro miaka yote ile mpaka Uhuru. Wazungu walipoondoka alivua miwani akapanda kwenye majukwaa ya siasa, na sauti ilikuwa ileile, na watu walewale walipiga makofi. Ninamupikia akija. Kumuheshimu, hapana.

Kamyo ya Mwenga iliondoka kesho yake ya hukumu ile, Jumatatu asubuhi, kutoka sokoni. Nilimubebea mujane kibunda chake, sufuria mbili na mukeka. Watu walikuja kutazama, watu wa hapa hawakosi mahali mutu anapoondolewa. Kapita alisimama amemushika kasichana mukono, nguo mupya ya maua mwilini, zawadi ya tonton. Mujane alipanda juu ya magunia na mudogo mugongoni. Uso wake ulikuwa mukavu. Alimuambia mutoto wake amusikilize tonton, ale vizuri, asiende bondeni peke yake. Alisema kama mama anayekwenda shambani na kurudi jioni. Jirani mumoja, yule yule bibi aliyepika sombe la chumvi, akanigonga kiwiko. «Umemuona? Anamuacha mutoto, hata chozi! Moyo wa jiwe.»

Kamyo ikaunguruma. Ilipoanza kutembea, kasichana kakajinasua mukononi mwa kapita, kakakimbia nyuma yake kakiita. Na yule mwanamuke, ambaye hakulia mbele yetu tangu siku ya maziko, alifungua kinywa akatoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa jina la mutoto au la mume au la Mungu. Alilia kwa nguvu, mikono hewani, mpaka wachuuzi wakaacha kuita bei.

Jirani yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. «Unasikia?» akasema. «Sasa analia. Kosa njo linamuuma.»

Nilimutukana matusi yote niliyoyajua kwa Kiswahili na kwa Mashi, na yeye alinitazama bila kufahamu. Kasichana kalikuwa bado kanakimbia.